Kufuli la Batani Mbili

Msomaji, unanikera. Ukiona kitu kina batani na kijitaa kinawaka, unakiamini kuliko mtu uliyekula naye sahani moja. Basi sikia walichomfanyia Mwamini. Kinatia kichefuchefu.

Mwamini wa Vihingo, kule Kisarawe, alikuwa anatunza stoo ya korosho ya kikundi chao. Mwenyekiti, Mzee Mwinjuma, akaenda Kibaha akarudi na kufuli la batani mbili, nyeusi na nyekundu. Unabonyeza mara nne kwa mpangilio wa siri, linafunguka. Siri waliijua wawili tu, yeye na Mwamini. Magunia yakaibwa, na kufuli halina hata mkwaruzo. Wakamgeukia Mwamini.

"Mzee, sijachukua hata punje."

"Kwa hiyo kufuli ndilo limekula korosho?" Watu wakaangua kicheko.

Mwamini akarudi kwake na hasira zake. Ndipo akakumbuka: siku akikosea kubonyeza, hakuwa anaanza upya. Alikuwa anaendelea tu na ile siri, na mlango unafunguka. Kumbe lile dude linasikiliza mibonyezo minne ya mwisho, basi! Mpangilio wa mibonyezo minne kwa batani mbili uko wa aina kumi na sita. Ukijaribu mmoja mmoja, unabonyeza mara sitini na nne. Lakini mkia wa mmoja unaweza kuwa kichwa cha unaofuata.

Akavuta ungo. Kokoto ndiyo batani nyeusi, korosho ndiyo nyekundu. Akapanga kokoto nne, halafu kila mara anaongeza korosho. Akiona nne za mwisho zimeshatokea huko nyuma, anaitoa korosho, anaweka kokoto. Mstari ukaishia kwenye kipande cha kumi na tisa, na mipangilio yote imo humo. Akaukariri.

Kesho yake akasimama mbele ya kikundi. "Mzee, badilisha siri. Usiniambie."

Mwinjuma akalikumbatia kufuli kama anaficha ugoro, akabadilisha. Mwamini akabonyeza mfululizo, midomo inacheza. Mstari haujafika hata mwisho, kufuli likaachia.

"Mmeona? Siri siijui, na nimefungua. Yeyote aliyelishtukia hili kufuli anaweza kuingia!"

Alitegemea aibu iwashike. Mwinjuma akatema mate pale pale kizingitini.

"Jamani, mmejionea wenyewe anavyofungua. Ushahidi gani tena mnataka?"

Laurensia, shoga yake Mwamini wa kusukana nywele, akapiga makofi. "Kumbe mwenzetu fundi! Umeanza lini huo mchezo, shoga?"

Wakamtoa kwenye kikundi siku hiyo hiyo. Kufuli wakalipangusa vumbi kwa kitenge, wakalirudisha mlangoni. Lile lile! Mwamini akawatazama, akajifunga khanga, akaondoka bila kuaga.

Nakuomba hivi: kama ulikuwepo pale ukacheka, nenda kwake leo, ukamwombe radhi mbele za watu. Na kama kikundi chenu kina dude la namna hiyo, ling'oeni kabla hamjamwita mtu mwizi.