Fundi wa Al-Rawdah na Kiongozi Wake

Ijumaa iliyopita nilikuwa Batha, hapa Riyadh, nimekaa kwenye mkahawa wa Wahindi nakula wali na kuku, mara wahudumu wote wakaacha kazi na kwenda kusimama chini ya televisheni. Ilionyeshwa maiti imelazwa juu ya lori lililopambwa maua ya manjano, na umati umelizunguka hata barabara haionekani. Nilimtambua marehemu kwa pua yake ndefu. Nimemjua mzee huyo tangu utotoni, ingawa sikuwahi kukutana naye. Nikangoja niumie, au angalau nishtuke. Sikuhisi kitu. Nikamaliza wali wangu, nikanawa, nikatoka.

Acha nikueleze nilivyomjua.

Nilikulia Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Mama alikuwa muuguzi, ametoka Tanga kwa mkataba, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Chini ya jengo letu palikuwa na kijiduka cha fundi cherehani, Mhindi, aliyewapunguzia na kuwapanulia nguo matajiri wa mtaa. Mama akiwa zamu ya mchana, nilishinda hapo. Kazi yangu ilikuwa kupitisha sumaku sakafuni kuokota pini, na malipo yangu vitambaa vya kuwavika wanasesere. Mpaka leo nikisikia harufu ya pasi ya moto kwenye kitambaa kibichi, naikumbuka na chai yake ya maziwa yenye iliki, tamu hata meno yanauma.

Juu ya meza ya pasi alibandika picha ya kiongozi wao. Mimi na fundi tulizungumza Kiarabu cha mtaani, na kwa Kiarabu hicho kibovu alinisimulia habari za mtu huyo kama watoto wengine wanavyosimuliwa habari za sungura. Alikuwa naibu waziri, ana gari na nyumba ya serikali, akaviacha vyote. Mkoa wao ulikuwa umeunganishwa na mkoa wa wenzao wenye nguvu kuliko wao. Kazi nzuri zinakwenda kule, maji ya mito yanakwenda kule, na lafudhi yao inachekwa. Yeye akasema mkoa ujitenge, uwe jimbo kamili. Akaanza na watu wachache, wakamwita mwendawazimu.

"Tukipata jimbo letu," fundi aliniambia, "hakuna mtu wetu atakayekuja tena huku kushona nguo za watu."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa wa kwanza kuondoka. Halas, basi."

Kisha kiongozi akagoma kula. Akatangaza hatatia chakula kinywani mpaka serikali ikubali. Fundi naye akagoma, kimyakimya. Niliona tu kwamba sufuria yake ya dengu na ukwaju haipandi jikoni, na nikimuuliza anasema, "Mafi jua." Yaani hana njaa. Siku moja nilimkuta ameinamia cherehani, mguu hausogei. Nikapanda ngazi mbio kumwita mama.

Mama alishuka na sare yake ya kazi, akampima mapigo ya moyo, akakoroga maji kwa sukari na chumvi. Fundi akageuza uso ukutani.

"Sista, yeye bado hajala."

"Yeye amezungukwa na madaktari," mama alisema. "Wewe una mimi tu, na mimi naingia kazini sasa hivi. Kunywa."

Akanywa huku analia. Mama alimshikia kikombe mpaka kikaisha.

Jimbo lilipatikana. Haikuwa mara ile. Yalipita maandamano na ahadi nyingi, lakini likapatikana. Fundi aligawa peremende kila mlango wa jengo, hata kwa wale waliozipokea bila kujua ni za nini. Kiongozi akawa mkuu wa serikali ya jimbo jipya, na fundi akafunga duka, akaenda kwao moja kwa moja. Nilisimama na mama kibarazani tukimpungia mkono. Wanasesere wangu hawakupata nguo mpya tena, nami nikawa nimeanza kuwa mkubwa.

Siku moja, narudi kutoka shule, nikasikia cherehani. Fundi alikuwa kwenye kiti kilekile, amekonda. Kafili wake, yaani mdhamini wake wa kazi, mzee wa Kisaudi, alikuwa amempa viza nyingine.

"Ulimwona?" nilimuuliza.

"Niliona gari lake. Vioo vyeusi."

Polepole alinieleza. Watu waliompigania walisimama getini kwake kuomba kazi walizoahidiwa, wakafukuzwa na walinzi. Mtoto wa kiongozi alikuwa waziri, na wajomba na mashemeji kila mmoja kapata mahali pake. Fundi alifungua duka mjini kwao, likafa. Akarudi kwetu.

Baada ya miaka kiongozi alishindwa uchaguzi, vibaya sana. Nilidhani fundi angefurahi, nikashuka kumpa habari huku nacheka. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa pindo.

"Usicheke," alisema. "Zamani mtu akiniuliza natoka wapi, nilitaja jimbo la wengine. Yule ndiye aliyenipa jibu."

Kafili alipofariki, wanawe walifunga duka. Fundi alipanda kutuaga, akanywa chai kwa mama, akaondoka na begi moja. Nilipopita Al-Rawdah mwaka huu, pale panauzwa kahawa, na kijana wa kaunta hakujua kama palipata kuwa na fundi.

Jioni ya Ijumaa ile nilimpigia mama simu Tanga.

"Mama, yule mzee wa fundi amekufa."

"Fundi amekufa?"

"Hapana. Kiongozi wake."

"Mungu amlaze pema. Na fundi yuko wapi?"

"Sijui."

"Alikuwa wa mji gani?"

Jimbo nalijua, nimeliona kwenye ramani, lina mpaka wake na rangi yake. Mji sikuwahi kuusikia. Nikamtajia mama jina la jimbo, akasema maharage yake yanaungua, akakata.