Friza la Bi Somoe

Bi Somoe, jirani yangu hapa Ziwani, huniletea futari ingawa mimi, mwalimu mgeni, sifungi. Nami nikamlipa kwa kumshuku! Kila magharibi taa zangu zilififia, nikaamini friza lake la barafu ndilo linalomaliza umeme. Jana jioni nikaenda kwake na fundi umeme, nikijifanya narudisha bakuli.

Fundi akaligusa friza. "Mwalimu, hili limezimwa. Saa hizi kila nyumba inapika, umeme unakuwa mdogo. Kwako umewasha nini?"

"Jiko la umeme, hita ya maji na pasi," nikanong'ona.

"Mimi hulizima jioni," Bi Somoe akasema, "ili mwalimu wetu naye apate kupika."

Akalichukua bakuli, akalijaza mihogo ya nazi. Nikashukuru mara tatu, kisha nikakimbia kuzima pasi.