Saruji ya Maximiano

Watalii husimama kijijini kwetu El Sauz kwa sababu ya choo. Wakishatoka huko ndipo hukumbuka kuna magofu, wakaupiga picha ukuta mmoja uliobaki wa kituo cha zamani cha magari ya farasi, wakasoma nusu ya kibao, wakarudi barabarani. Mto Rio Grande uko hapo nyuma ya mierebi, na wengi huondoka bila kuuona.

Mtunzaji wa mahali hapo ni mama mkwe wangu, Senobia Barela, mwenye miaka sabini na minne na bega la kulia lisiloinuka. Katika bonde letu wanaume hufyatua matofali ya udongo na kuinua kuta, lakini kukandika ni kazi ya wanawake. Kila mwaka, baridi ikiisha, Senobia alikanda tope na majani makavu ya ngano, akaukandika ukuta ule kwa viganja vyake, kwa sababu mvua za Julai zinaula. Mwaka uliofuata alianza upya. Alianza akiwa msichana, na uchovu wake ni wa tangu wakati huo.

Mwaka 1983 mumewe, Maximiano, alikwenda mjini akarudi na mifuko kumi na minne ya saruji. Akaupiga ukuta lipu mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Wenzake walimcheka wakachoka, wakamuuliza aproni atavaa lini. Saruji ikiwa bado mbichi akachukua msumari, akaandika chini, karibu na mlango: PUMZIKA SENOBIA.

Sijasikia mwanamke mwingine wa hapa aliyepewa zawadi kama hiyo, na nasema hivyo kwa wivu. Mwanawe, Eliseo, ndiye mume wangu, na hajawahi kuniacha nilale hata siku moja mpaka saa tatu.

Maximiano alifariki miaka kumi na miwili iliyopita. Mwezi wa tano mwaka huu akaja mtaalamu wa majengo ya kale, Bwana Delgadillo, mzee mwenye sauti ndogo. Aligonga ukuta kwa vidole akasikiliza, kisha akatueleza polepole, kama daktari mwenye habari mbaya. Udongo unapumua, alisema. Saruji imeuziba, maji yanayopanda kutoka chini hayana pa kutokea, na matofali ya ndani yanageuka uji. Saruji isipobanduliwa yote kabla ya mvua, ukuta utaanguka.

Sisi mvua tunaanza kuingojea siku ya Mtakatifu Yohane, tarehe ishirini na nne Juni. Nilidhani Senobia atalia. Alitazama viatu vyake, akaniuliza kama kuna maharage yaliyobaki.

Siku kumi nzima hakugusa kitu. Nilimsema mpaka nikajichukia. Kisha asubuhi moja nikamkuta ukutani, tindo mkono wa kushoto, akigonga kidogokidogo. Eliseo na binamu zake wakaja na nyundo, wakabandua kwa wiki moja na nusu. Vumbi lilituingia mpaka kwenye mikate yetu ya tortilla. Kila mmoja alifanya kazi mbali na mlango, na kila mmoja alikuwa na kisingizio chake. Mkesha wa Mtakatifu Yohane kikabaki kipande kile chenye maandishi tu.

“Mama, hiki tukiache,” Eliseo alisema. “Ni kidogo tu hiki.”

“Maji hayajui kusoma,” alijibu Senobia. Akanigeukia. “Mkwe, shika huku chini kisije kikavunjika.”

Kilitoka kizima, kikubwa kama sinia, kizito ajabu. Nyuma yake tope jeusi likateleza chini, likinuka kama kisima cha zamani. Senobia aliingiza mkono akachota, akalitazama muda mrefu.

“Nilijua,” alisema. “Hata miaka mitatu haikuisha, nikaanza kuisikia harufu hii.”

“Na hukumwambia baba?” Eliseo aliuliza.

“Ningemwambiaje? Kila mwaka, wenzangu wakianza kukanda tope, alikuwa ananitolea kiti nje, nikae.”

Moyo uliniuma, kwa ajili yake na kwa ajili ya yule mzee na kiti chake.

Akatuamuru tukilaze kile kipande juu ya matofali mawili, maandishi yakiangalia juu. Akakikalia. Mtalii mmoja alitoka chooni akauliza kama magofu yamefungwa, na Senobia akamwambia asubiri, kuna mtu anapumzika. Alikaa hapo labda dakika tano, macho yamefumbwa. Kisha akaninyooshea mkono ule mzima, nikamwinua.

“Haya,” alisema. “Lete tope nikufundishe. Mimi bega limekataa.”

Eliseo na binamu zake walikuwa wameshaanza kukusanya nyundo zao. Kazi ya wanaume ilikwisha. Nilikunja mikono ya blauzi, nikachovya viganja ndooni. Nilimtazama mume wangu akipakia tindo garini, akipiga mluzi, nikajua kwamba mimi hakuna atakayeniletea saruji.