Aliyeachwa Katika Siku Nyingine

Kitabu chenyewe kilikuwa cha hovyo. Naanza na hilo ili mtu asidhani nasimulia habari za kitabu kitakatifu. Kilikuwa cha Kifaransa, karatasi zake nyepesi na za manjano, na kwenye jalada walisimama watu watatu wenye makoti marefu wakitazama mji ulioelea angani. Kaka yangu alikinunua mtaa wa Kimanga, kwa mwanamume aliyetandaza turubai na kuuza plagi za pikipiki, miwani na vitabu vilivyoporwa misheni. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, niligundua kuwa kilitungwa kutokana na tamthilia ya televisheni ya huko Ulaya, na mwandishi alichukulia kwamba kila msomaji ameshaitazama. Sisi tungeitazamia wapi? Umeme wenyewe ulikuwa mgeni wa sikukuu. Basi watu waliingia ndani ya hadithi bila kujulishwa, wakakumbushana mambo tusiyoyajua, na kaka yangu, mbishi wa kuzaliwa, akasema mwandishi huyu hakufundishwa kupiga hodi.

Alifika katikati ya kitabu, akachomeka kijiti cha kiberiti hapo aliposimama, akapanda milimani Bijombo kununua maharage. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alipanda na chumvi na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, akashuka na maharage na viazi, na mama akaviuza sokoni Mulongwe. Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya nchi yetu. Safari ile mapigano yalizuka nyuma yake, njia ikafungwa. Watu walishuka kutoka milimani na magodoro vichwani, wengine na watoto tu, na mama alisimama kando ya barabara akiwatazama usoni mmoja mmoja. Kaka hakuwamo. Hakuna aliyemwona akiwa hai, wala aliyemwona amekufa.

Miezi ikapita. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mkubwa wa nyumba alikuwa baba mdogo, na yeye akasema tuweke matanga. Kwetu msiba una taratibu zake: mikeka inatandikwa uani, majirani wanakuja kukaa nawe, wanapika, wanaimba, unalia mpaka uchoke, kisha inapangwa siku ya kuondoa matanga na watu wanarudi kwenye shughuli zao. Bila hayo, alisema, huzuni inaganda ndani ya nyumba mpaka inakuwa ugonjwa. Mama alikataa. Alisema hawezi kumlilia mtu aliyekwenda kununua maharage.

Badala yake akanijia na kile kitabu. Kifaransa hakukijua.

"Nisomee," alisema. "Anzia penye kaka yako aliachiaka."

Kila mchana baada ya kula nilikaa mlangoni, nikisoma Kifaransa kwa macho na kukitoa mdomoni kwa Kiswahili. Wale watatu walikuwa wasafiri wa nyakati. Walikuwa na chombo cha kuwapeleka jana au kesho, na walipigana na kampuni iliyotoka kwenye nyota nyingine. Kampuni ile haikuja na moto. Ilikuja na karatasi. Kila dunia iliyoifikia, ilionyesha mkataba uliotiwa saini zamani na chifu fulani, kwamba ardhi, maji na vyote vilivyo chini yake vimekwisha kuuzwa. Askari walifuata baadaye, kuulinda mkataba. Mimi niliona ni upuuzi. Mama hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama wakubwa wa kampuni walikaa mbali, nikasema mbali sana, hakuna aliyewahi kuwaona, naye akaitikia kwa kichwa na kuendelea kuchambua ndagala. Baba mdogo alikuwa anapita, akasema hao lazima walivuka mpaka wa Kavimvira bila kukaguliwa. Tulicheka. Nakikumbuka kicheko kile kwa sababu vilikuwa vichache.

Lakini kilichomnasa mama hakikuwa kampuni. Wasafiri wale zamani walikuwa wanne. Wa nne alikuwa kijana, na siku ya kukimbia chombo kiliondoka bila yeye, akabaki katika zama nyingine. Kitabu hakikueleza ilikuwaje. Nadhani ilikuwa imeonyeshwa kwenye televisheni. Mama alijijazia mwenyewe. Alisema kijana alikuwa ametumwa kununua kitu. Wenzake kila walipomtaja walisema hajafa, yuko katika siku nyingine, tutamfuata vita vikiisha. Mama aliyashika maneno yale kwa mikono miwili. Jirani mmoja alipokuja kumpa pole, alimjibu kwa upole kabisa, "Wa kwangu hakufa. Iko mu siku zingine."

Jirani alitoka ameshika mdomo. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unasema akili za mama zimeruka.

Baba mdogo alikuja amekasirika, au tuseme alikuwa anaogopa na hasira ndiyo iliyokuwa karibu. Alimwambia mama maji yakimwagika hayazoleki. Mama akamjibu kwamba kwenye kitabu yanazoleka. Hapo baba mdogo akanigeukia mimi na kuniuliza kitabu kinaishaje. Nilikuwa nimeshakimaliza peke yangu. Nikakificha kitabu mgongoni, na hilo likamjibu.

"Umusomee mwisho," alisema. "Leo. Miye niko hapa."

Sikumchukia. Nilitaka jambo lile lile. Nilikuwa nimechoka kuishi na mtu anayeinuka kila hatua za miguu zinaposikika uani, na nilimwonea uchungu mpaka uchungu ukawa hasira.

Nikasoma. Vita vikaisha, kampuni ikafukuzwa, yaani ikahamia dunia nyingine. Watatu wakaenda kumchukua mwenzao, lakini chombo kikakosea siku. Walifika kwenye nyumba ndogo, wakakuta watu wanarudi kutoka makaburini. Kijana wao alikuwa ameishi pale mpaka akazeeka, kila siku akikaa mahali chombo kilipomwacha, na asubuhi ile alikuwa amezikwa. Nilitafsiri yote bila kupunguza neno. Baba mdogo alikuwa anatazama miguu yake.

"Alibangojea mpaka ku uzee?" mama aliuliza.

Nikasema ndiyo.

"Basi ni bale balichelewa," alisema, akaingia ndani.

Kulipokucha hakuwapo. Alikuwa amechukua chumvi na kitenge kimoja. Njia ya Bijombo ilikuwa bado mbaya. Baba mdogo alimfuata mpaka pale askari walipozuia watu, akarudi peke yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona mtu mzima akijipiga kifua. Tulikuwa tumemsomea mama ule mwisho ili akate tamaa. Yeye alikuwa amesikia kwamba anachelewa.

Nilikaa roho mkononi mpaka nikaanza kuhesabu kwamba waliopotea ni wawili. Kisha akarudi, amekonda, nyayo zimepasuka, amevaa kitenge cha mtu mwingine. Alikunywa maji, akasubiri baba mdogo afike. Alitueleza kwamba alipita vijiji visivyo na mtu na akalala kwa watu ambao hawakuelewana naye vizuri kwa maneno, akiwatajia mtoto wake, urefu wake, kovu la shavuni.

"Kila mama mwenye niliuliza," alisema, "naye alikuwa ananiuliza wa kwake."

Akamwambia baba mdogo apange siku ya matanga.

Majirani walikuja wote, hata yule aliyeeneza maneno. Mikeka ilijaa uani, vyungu havikutoka motoni, nyimbo ziliimbwa. Mama alilia jinsi nilivyokuwa nimeomba alie, akalia mpaka sauti ikakauka. Matanga yakaondolewa, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Yeye hakurudi kwenye zake. Ndagala aliziacha zikaoza. Alikaa ameegemea ukuta, hagombani na mtu, haulizi kitu, na kila aliyemwona alinipongeza kwamba mama yako sasa ametulia.

Mimi sikuweza kuuvumilia utulivu ule. Siku moja wakati wa chakula nikamwambia kwamba nilikosea kutafsiri, kwamba wale wasafiri walifika mapema wakamkuta kijana wao akiwa hai, bado kijana, wakaondoka naye. Niliapa. Mama alinitazama kwa huruma, utadhani mimi ndiye niliyefiwa. Kisha akanisogezea sahani.

"Kula, mutoto yangu," alisema. "Bugali inapoa."