Meza Iliyosimama Sawa Uani Kwetu

Siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe kumi na tano mwezi wa tatu, mwaka wa 1975. Mvua ilinyesha toka alfajiri, ikakatika wakati wa salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa, na ukungu ukabaki umelala juu ya ziwa hata hatukuona ng'ambo. Majembe yalikuwa yanainua matope tu, basi mkubwa wa avenyu yetu akaturudisha nyumbani mapema. Njia za Cimpunda, mtaa tulikokaa, zilikuwa zinateleza kama mtu amemwaga sabuni.

Siku hiyo ndiyo tulipeleka Bagira meza tuliyoagizwa. Naandika kama ninavyokumbuka. Nilisoma mpaka mwaka wa sita wa primere, yaani shule ya msingi, basi, na kupanga maneno si kazi yangu. Pengine mume wangu angeandika angesimulia vingine, na pengine yeye ndiye angekuwa na haki.

Mume wangu alikuwa seremala. Miaka mingi alifanya milango na madirisha katika atelie moja, karakana ya mjini, mpaka mwenyewe, mzungu, akaondoka na serikali ikampa atelie mtu mwingine. Huyo sitamsema vibaya. Labda hakuwahi kushika randa maisha yake yote, na si kosa lake kupewa kitu. Lakini alifunga, na mume wangu akarudi nyumbani kukaa. Kaka yake mkubwa alikuwa Shabunda, kule msituni, anachimba dhahabu, naye alimtumia neno: njoo. Kulikuwa na lori la kuondoka siku ya kwanza ya juma, Jumatatu, na dereva alikuwa amemwahidi nafasi juu ya magunia.

"Kama meza imekataliwa, napanda," aliniambia.

Tuliwajua watu waliopanda hivyo kwa kusema wanaenda miezi kidogo. Watoto wao walikuwa wanauliza baba ana sura gani. Yeye hakutaka kwenda, mimi sikutaka aende, na hakuna aliyelisema kwa mdomo. Tulizungumza habari ya meza tu.

Ilikuwa meza ya pokeri. Kulikuwa na wanaume watano waliocheza kila siku ya posho, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Walichezea vifuniko vya chupa za bia, si feza, nasema hivi kwa sababu kwenye parokia kulikuwa na maneno. Shida yao ilikuwa mahali pa kuweka karata. Katika nyumba nyingi meza ni moja, nayo ni ya mama wa nyumba, ina kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, na mama huyo hawezi kukubali majivu ya sigara yaanguke pale. Basi walicheza juu ya kitanda, juu ya sanduku, juu ya pipa. Mwishoni mmoja wao, mwalimu wa Bagira, akaja kwetu.

"Papa, utufanyie meza yenye kutembea. Inakunjwa, inabebwa, inafuata muchezo kwa kila mutu."

Tuliifanya uani, mvua ikinyesha tunaingia nayo ndani, mvua ikikatika tunatoka nayo. Juu alitumia triplex, ubao mwembamba wa plaiwudi, vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba katikati, ifungwe kama kitabu. Miguu alichonga ya mukaratusi, nayo ilijikunja ikalala chini ya ubao. Mimi nilipewa kazi ya nguo. Tulikuwa na blanketi moja ya kijani, nilikata upande ambao haukuliwa na nondo, nikaibandika kwa kole, yaani gundi, kisha nikaivuta sana kwenye pembe ili isifanye mikunjo. Pembe moja haikutoka vizuri. Hata leo nikifumba macho naiona ile pembe.

Kilichobaki ni kusawazisha. Kipimo chenye tone la maji kilikuwa cha atelie, kilibaki kule. Mume wangu alichukua chupa, akaijaza maji, akaifunga, akailaza juu ya meza. Chupa ikabiringika kwenda upande wa kwa jirani. Akakata miguu ya upande wa juu kidogo. Akalaza tena, ikabiringika tena. Akakata, akalaza, akakata, mimi nashika miguu, mpaka chupa ikatulia katikati ya kijani kama mtoto aliyeshiba. Tulifurahi sana. Tuliita hata majirani waione imetulia.

Sasa, mtu asiyejua Cimpunda lazima aelezwe. Kule hakuna ua uliolala sawa. Nyumba zetu zimepandana, mlango wa huyu uko juu ya paa la yule, na mpira wa watoto ukiponyoka unaufuata chini mpaka barabarani. Ukizaliwa pale huoni tena mteremko. Kitanda chetu kilikuwa na matofali chini ya miguu miwili, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Tuliona kabisa kwamba miguu miwili ya meza ni mifupi kuliko mingine. Lakini chupa ilikuwa imesema iko sawa, nasi tukaiamini chupa.

Bagira ni mbali kwa miguu. Aliibeba begani, akichoka naitia kichwani juu ya ngata. Njiani watu hawakutuacha.

"Mama, munahama?" mmoja aliuliza.

"Hapana, tunapeleka meza."

"Meza iko wapi? Miye minaona mulango!"

Mwingine akamwambia mume wangu: "Papa, mwanamuke anabeba nyumba na weye unabeba kofia!" Ilikuwa uongo, alikuwa ametoka tu kunipokeza. Nilimtetea kwa sauti kubwa, na nadhani hilo lilimwudhi kuliko yale maneno.

Mwalimu alitupokea mlangoni ndani ya abakosti yake, lile koti lisilo na tai, akatuita citoyen na citoyenne, yaani raia, kama serikali ilivyoagiza, kisha akasahau akatuita papa na mama kama kawaida. Wachezaji wengine walikuwa wamekwisha fika. Mmoja wao nilimjua, muuza nyama, jirani yetu wa Cimpunda juu kabisa, mtu mnene mwenye mdomo usiofungwa. Sikumpenda sana. Lakini siku hiyo, mtaona, alitusaidia, na nisipoandika nitakuwa nimemnyima haki yake.

Mimi nilikaa na mama wa nyumba, mke wa mwalimu, kwenye mlango wa jikoni, tukiona yote. Mume wangu aliweka meza chini, akaifungua, akavuta miguu moja moja, klap, klap. Kijani kikatoka. Watu wakasema "Ooo!" Akaisimamisha katikati ya sebule, akarudi nyuma.

Meza ilikuwa imeinama kama mbuzi anayekunywa maji.

Kisha muuza nyama akauliza: "Eh, Papa, hii meza inasalimia nani?"

Mume wangu aliizunguka. Akaigonga. Akainama, akachungulia miguu, akainuka na uso wa mtu aliyepata jibu.

"Mwalimu, sakafu yako iko na shida."

"Sakafu yangu?"

"Inateremuka."

"Papa! Hii nyumba ilijengwa na Babeleji! Simenti yake haijapasuka hata kidogo. Mama, leta chungwa!"

Mama wa nyumba akaniangalia, akaenda kuleta chungwa. Mwalimu akaliweka sakafuni. Likakaa palepale. Akalichukua, akaliweka juu ya meza. Likaanza safari polepole juu ya blanketi yangu, likashika mwendo, likaanguka mapajani mwa muuza nyama. Yeye akaanza kulimenya.

"Nimeshinda ya kwanza," alisema, "na karata hatujagawanya."

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa. Mume wangu alicheka pia. Aliigeuza meza, sijui alitumaini nini, na sasa ikamwinamia mwalimu. Wakacheka upya. Alipopita karibu nami akasema chini kwa chini: "Siku ya kwanza, lori." Mama wa nyumba alisikia, akaacha kucheka. Mimi nilikuwa naangalia ile pembe yangu iliyokunjamana. Hata hiyo ningeifanya vizuri, nilifikiri, tungekuwa na kitu kimoja cha kutetea.

Ndipo muuza nyama, mdomo umejaa chungwa, akauliza: "Lakini ngoja. Weye ulipimia wapi?"

"Kwangu, uani."

"Kwako! Kwako hata kuku iko na mguu moja mufupi!" Akageukia wenzake. "Batu, sikieni. Hii meza haina kosa. Iko ya Cimpunda. Juma lijalo tunacheza kwangu, na kwangu njo mulima kabisa. Itasimama kama soda wa jeshi mbele ya komanda."

"Na hapa?" mwalimu aliuliza.

"Hapa utaweka vitabu chini ya mguu."

"Vitabu vya masomo chini ya mguu wa pokeri? Hapana, citoyen."

Sasa nafika mahali ambapo lazima niangalie sana ninachoandika. Kuna mtu kati yetu, mimi au mama wa nyumba, aliyetaja mamama wa soko la Kadutu. Nimelifikiria mara nyingi na siwezi kuapa ni nani. Soko lile lilikuwa kwenye mteremko, na kila mama aliyeuza mboga za lengalenga kwenye kijimeza chake alikuwa amefunga fimbo ya pili kwenye mguu wa upande wa chini, kwa ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu. Akihamishwa na polisi analegeza mpira, anateremsha fimbo au anaipandisha, anakaza, na nyanya zake hazikimbii. Tulikuwa tunaona jambo hilo kila siku tukienda kununua. Nakumbuka tulilisema kwa pamoja, yeye neno hili na mimi neno lile, kama watu wanaovuta kamba moja.

Mume wangu alichukia.

"Kazi ya atelie niifunge mpira kama etale ya lengalenga sokoni?"

"Papa," muuza nyama alijibu, "lengalenga inasimama. Yako imelala."

Mume wangu akatoka nje. Nilidhani ameondoka. Sikumfuata. Pengine mke mwingine angemfuata. Mimi niliendelea kukaa nikisikiliza, na kilichokuja ni sauti ya msumeno wa mwalimu. Alirudi na vipande viwili vya mpini wa jembe lililovunjika na ukanda wa mpira mzee wa baisikeli ya mwalimu. Hakumwangalia mtu. Alipiga magoti, akafunga fimbo kwenye miguu mifupi, akasukuma, akakaza. Chungwa lilikuwa limekwisha liwa, basi wakalaza chupa. Ikabiringika. Akalegeza upande mmoja, akakaza. Ikatulia.

Mwalimu aliweka kiwiko chake, kisha viwiko viwili, kisha akaegemea kwa kifua chote. Meza haikusogea.

"Gawa karata," alisema.

Walicheza. Kila mara mtu alipotupa kifuniko, hakikutoa sauti juu ya kijani, na walipenda hilo, walilisema mara kadhaa. Nitasema ukweli kwamba muuza nyama, yeye aliyeshinda ya kwanza, alipoteza vifuniko vyake vyote, akaomba vya kuazima akapoteza na hivyo, na hakukasirika hata kidogo. Mume wangu hakuangalia mchezo. Katikati ya mzunguko mmoja wa karata aliingia chini ya meza kabisa, kichwa kati ya magoti ya watu.

"Papa, unachungulia karata yangu?"

"Karata yako haina faida. Nyamaza." Tulimsikia anagonga miguu kwa kidole. "Mguu ndani ya mguu," alisema kutoka kule chini. "Na matundu. Unavuta, unatia bulo na nati yake, unakaza kwa mkono. Cimpunda, Bagira, popote."

Mchezo ulipokwisha mwalimu akasema meza ibaki kwake mpaka juma lijalo, na kwamba anajua wachezaji wengine, wale wa mtaa wa Nyawera, wanaochezea juu ya mlango uliong'olewa. Wangetaka kuiona.

"Hii siiachi," mume wangu alijibu. "Haijaisha."

Mwalimu alifikiri ameudhika, akaanza kumbembeleza. Mimi sikufikiri hivyo. Mtu anayepanda lori hasemi kitu chake hakijaisha. Lakini nimejidanganya mara nyingi katika maisha, kwa hiyo sikujipa furaha bado. Nilimuaga mama wa nyumba, tukachukua meza, tukaanza kurudi.

Jua lilikuwa limetoka, ukungu umeondoka, na ziwa lilionekana lote. Yeye alibeba. Tulitembea kidogo, kisha akasema:

"Siku ya kwanza asubuhi..."

Akahamisha meza bega la pili.

"...upite kwa yule fundi wa baisikeli. Umuulize kama iko na bulo zile za kukaza na mukono, zenye masikio. Nne. Na miye nitaanza kutoboa kesho, nikitoka misa."

"Na dereva?"

"Dereva atapata mutu. Juu ya magunia hakukosekani mutu."

Nilimwambia anipe meza nibebe. Akakataa. Nikamwambia basi tushike wote, yeye mbele na mimi nyuma, naye akakubali, ingawa kushika wawili kwenye zile njia ni kazi zaidi kuliko kubeba mmoja. Tuliteleza mara tatu au nne. Mara ya mwisho tuliketi chini wote wawili kwenye matope, meza juu ya miguu yetu, na mwanamke aliyepita akatuuliza kama tunangoja kuletewa chakula.

Baadaye tulifanya meza nyingi za namna hiyo, zote na miguu ya kuvuta. Yeye huwaambia watu kwamba wazo lilimjia akiwa chini ya meza kwa mwalimu. Simkatalii. Matundu na bulo ni vyake kabisa, na mikono ilikuwa yake. Fimbo ni ya mamama wa Kadutu. Swali lililofungua njia ni la muuza nyama. Sehemu yangu ni blanketi, na pengine nusu ya neno moja.

Jioni ile tulikula bugali ya muhogo na maharagi yaliyobaki toka jana, niliyoyapasha kwa mawese na kitunguu kimoja. Hayakuwa mengi. Mume wangu aliomba kuongezewa, nikampa, na watoto wakagawana ukoko wa sufuria.