Kapu la Chisense la Olipa

Germaine hakumwamini mtu, na soko zima la Kashikishi, pale Nchelenge, Zambia, lilijua hivyo. Ukimuuzia samaki aliwanusa mmoja mmoja, akaingiza mkono hadi chini ya gunia kutafuta mchanga uliotiwa kuongeza uzito, kisha akakukazia macho kama vile wewe ndiye uliyeanzisha vita. Vita hivyo vya Kongo vilimvusha Ziwa Mweru mwaka 1998, kutoka Kilwa ya upande wa Kongo, na kabla hajapata hata pa kulala alikuwa ametapeliwa mara mbili. Basi tusimlaumu haraka.

Mwaka uliofuata binti yake Jeanine, wa miaka kumi, aliugua malaria ikampanda kichwani. Siku nne alilala hajitambui. Alipozinduka, upande wa kulia ulikuwa umelegea. Mguu aliuburuza, mkono ulijikunja kifuani, vidole vikafumba visifumbuke. Maneno yalirudi taratibu, hata mguu ukapata nafuu. Mkono ndio uliomtia Germaine hofu. Msichana wa ufukweni asiyeweza kushika samaki ataishije siku mama yake akifa?

Hospitalini walimwelekeza kwa Olipa, Mzambia wa palepale Nchelenge aliyefundishwa kuwafanyisha watoto mazoezi ya viungo. Hakuwa na mashine wala koti jeupe. Alikuwa na uwanja wenye chanja za kuanikia samaki, fimbo mbili za kujifunzia kutembea, na mdomo usiochoka. Siku ya kwanza alitwaa kitenge akaufunga mkono mzuri wa Jeanine, ule wa kushoto, mgongoni.

"Mukono ya muzuri unaifungia nini?" Germaine aliuliza.

"Mama Jeanine, ile ya mugonjwa iko muvivu. Mwenzake akimufanyia kazi yote, haitaamuka."

Kisha akamketisha mtoto mbele ya kapu la chisense, wale samaki wadogo wa ziwani, amchagulie mawe yaliyochanganyika nao. Jiwe moja lilimchukua Jeanine muda wa kuchemsha chai. Na kesho yake kapu lilelile, na keshokutwa.

Germaine alirudi nyumbani roho haijatulia. Olipa alikuwa muuza samaki, kama yeye. Toka lini muuza samaki akapata mchaguaji asiyelipwa, akamwita mgonjwa? Hayo aliyasema sokoni kwa sauti, na waliomsikia wakatikisa vichwa.

Wiki ya tatu alijibanza nyuma ya ua wa matete saa ya adhuhuri, akachungulia. Jeanine alikuwa amesimama akipumzika kando ya chanja. Olipa akachota mawe kwa viganja viwili, akayamwaga kapuni juu ya samaki, akayachanganya vizuri hadi chini.

Germaine alipita ua kwa kishindo.

"Mwizi! Unatia mawe mu samaki! Na mutoto yangu unamufanya mutumwa!" Akalipiga kapu teke, chisense wakatapakaa mchangani. Wanawake wa viwanja vya jirani wakaacha kazi zao wakaja kutazama.

Olipa aliweka mikono kiunoni. "Nusa ile samaki, Mama Jeanine. Ni kapu moja tu tangu siku ya kwanza. Yeye anatoa mawe, miye narudisha. Nani atanunua ile?"

Germaine alinusa. Samaki walikuwa wamevunda kabisa. Lakini hakukubali, wazuri wamefichwa ndani, alijiambia. Akamkamata Jeanine begani, akamvuta waende.

Jeanine hakuvutika.

"Mwachilie mutoto!" Germaine alifoka, akidhani Olipa amemshika kwa nyuma. Akageuka. Olipa alikuwa palepale, mikono kiunoni. Ndipo Germaine alipouona mkono wa kulia wa binti yake. Ulikuwa umeushika mti wa chanja, vidole vyote, vinatetemeka kwa kukaza.

Akavuta tena, polepole, apate uhakika. Vidole havikuachia. Akavuta mara ya tatu huku machozi yanamtoka.

"Mama, achia, naumia!" Jeanine alisema kwa hasira.

Germaine akaachia. Kisha, mbele ya wanawake wote wale, alipiga magoti mchangani, akaanza kuwaokota chisense na kuwarudisha kapuni, na mawe akayarudisha pia.