Gambuti za Baba Kwenye Maharagwe ya Mama Imbukwa

Siku hiyo shambani tulikuwa mimi, mdogo wangu Mercy, jirani yetu Mama Imbukwa, na Jairo, mchimba dhahabu wa Shinyalu aliyetuazima mashine yake ya kutafutia madini, ile inayolia ikipita juu ya dhahabu au chuma. Mercy alikuwa anaolewa Jumamosi, na pete ya marehemu mama, aliyotaka kuivaa, ilikuwa imemponyoka tukimpalilia Mama Imbukwa maharagwe.

Jairo ni mrefu. Mashine yake, yenye mpini wa kimo chake, ilinivuta mkono mpaka bega likauma.

"Fupisha mpini kidogo tu," akasema. "Ukiweza kusimama wima, hapo inatosha."

Mimi niliacha shule mapema nikalea wadogo zangu, na sijazoea kuelekezwa. Niliufupisha mpaka mwisho. Mashine ikawa nyepesi kama mwiko, nami nikainama nikiipitisha karibu na vidole vyangu vya miguu. Ikalia papo hapo! Nikachimba. Nikasonga hatua moja, ikalia tena. Nikachimba tena.

"Wewe! Maharagwe yangu!" Mama Imbukwa akapiga kelele.

"Vumilia, Mama, pete iko hapa hapa!"

Mercy akaninyang'anya mashine, akaishusha juu ya mguu wangu. Ikalia kama mbuzi wa Lubao siku ya soko.

"Dada, hizi si gambuti za Baba za kiwandani? Zile zenye chuma mbele?"

Nilizivua. Pete tuliipata nikiwa miguu mitupu, na Mercy akaolewa nayo. Maharagwe ya Mama Imbukwa nimeyapanda upya, lakini bado hayajaota, na kila asubuhi ananiita nije niyaangalie.